Kisima cha Fahud na viwanja vya Al Khuwair

Januari 1956 kampuni ya mafuta ilianza kuchimba kisima chake cha kwanza katika bonde la Fahud, ndani kabisa ya Oman. Ilikuwa imepita miaka karibu ishirini tangu Sultani Said bin Taimur aipe haki ya kutafuta mafuta, kwa mkataba wa miaka 75 uliotiwa saini 1937, na miaka miwili tangu watu wake washuke pwani ya Duqm na kuanza kusogea bara. Wanajiolojia walikuwa na uhakika na vilima vile. Mwaka uliofuata kisima kiliachwa, kikavu. Mafuta yalikuwepo, tena kwa wingi, ila yalilala mita mia kadhaa tu kutoka hapo, ng'ambo ya ufa wa miamba ambao haukuwa kwenye ramani yoyote.

Mwaka 1960 wabia watatu kati ya watano walichoka wakajitoa. Waliobaki, Shell na Partex, walipata mafuta Yibal 1962, wakapata Natih 1963, kisha 1964 wakarudi Fahud kuyachimba yaleyale waliyoyakosa. Kisima kikikosewa huchimbwa kingine kando yake, na hasara huandikwa kwenye vitabu vya hesabu. Mji ukikosewa ni shida nyingine, kwa sababu watu wanakuwa wameshahamia. Ndiyo maana nikisoma habari za miradi ya makazi siulizi sana kama mchoro ulikuwa mzuri. Nauliza nani alikuwa na ruhusa ya kuurekebisha baada ya watu kuingia.

Mji wa kampuni una jibu jepesi: kampuni, na kampuni peke yake. Mfano unaotajwa sana ni miji ya makaa ya mawe ya milima ya Appalachia, Marekani. Pale Lynch, jimbo la Kentucky, kampuni tanzu ya United States Steel ilianza 1917 kujenga mji mzima kwenye bonde jembamba. Ilijenga nyumba, hospitali, shule, hoteli na duka. Katika miaka ya 1940 walikaa humo watu kama 10,000, wakiwemo weusi waliotoka Alabama na wahamiaji kutoka Ulaya ya mashariki na kusini. Kwa viwango vya nchi ile Lynch ulikuwa mji uliojengwa vizuri. Sehemu nyingi za Appalachia zilikuwa mbaya kuliko huo: mchimbaji alilipwa kwa sarafu zenye chapa ya kampuni, zisizopokelewa popote ila kwenye duka la kampuni, na kodi ya nyumba ilikatwa kwenye mshahara kabla hajauona.

Ubaya wa mpango huo ulijitokeza siku mtu alipogoma. Kazi ikikatika, na nyumba imekatika. Tarehe 19 Mei 1920 walinzi wa kukodiwa walifika Matewan, West Virginia, kuzitoa nje familia za wachimbaji waliojiunga na chama. Jioni ile risasi zilirindima karibu na stesheni ya reli na watu kumi wakafa, akiwemo meya wa mji. Mwaka uliofuata wachimbaji wapatao 10,000 walibeba silaha kuelekea mlima Blair, na serikali ya Marekani ikatuma jeshi. Vita vile vilihusu mshahara na haki ya kuunda chama, lakini kilichowasha moto Matewan kilikuwa samani zilizotupwa barabarani.

Afrika Mashariki tunayo ya kwetu. Mwadui, baada ya John Williamson kugundua almasi 1940, ulikuwa na shule, hospitali, klabu na kiwanja cha ndege ndani ya uzio, na aliyekuwa nje ya uzio alijua kwamba yuko nje. Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, ulijengwa kwa ajili ya shaba, na reli ya kutoka Kampala ikafika Kasese 1956. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakabaki. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukapita katikati ya nyumba na hospitali ya mgodi. Nyumba zilikuwa zimepangwa bondeni ili wafanyakazi wawe karibu na mgodi. Mgodi ulipolala, sababu ya kukaa karibu na mto ilikwisha, lakini nyumba hazina miguu.

Al Khuwair haukujengwa na kampuni ya mafuta. Ni mtaa wa serikali na wa raia, magharibi mwa Madinat Sultan Qaboos, katika wilaya ya Bawshar, Muscat, wenye wizara kando ya barabara kuu na maghorofa meupe na nyumba za uani nyuma yake. Hauwezi kueleweka, hata hivyo, bila kuangalia mashariki, mwendo mfupi wa gari, ambako kampuni ilikuwa imekwisha jenga mji wake.

Bomba la kutoka Fahud, karibu kilomita 280, lilipita katika pengo la milima likafika baharini mahali palipoitwa Saih al Maleh, ambapo baadaye pakabadilishwa jina kuwa Mina al Fahal. Pale kampuni iliweka matangi, mitambo ya umeme na ofisi, na kwenye rasi ya jirani, Ras al Hamra, ikaweka nyumba za mameneja na mafundi wake. Shehena ya kwanza iliondoka 27 Julai 1967: mapipa 543,800, kwa dola 1.42 kila pipa. Wakati huo malango ya Muscat ya zamani bado yalikuwa yakifungwa usiku, na aliyetembea gizani ilimbidi abebe taa. Nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali na kilomita kama 10 za lami. Kule rasini kulikuwa na umeme, maji ya bomba na mahali pa kuogelea.

Mchoro wa kambi za namna hii ulikuwa umeshazoeleka Ghuba nzima. Awali kule Bahrain ulijengwa katika miaka ya 1930. Ahmadi, Kuwait, uliochorwa na Mwingereza James Mollison Wilson, uligawa watu kwa daraja la kazi, na daraja la kazi lilifuatana na rangi ya ngozi: Waingereza upande mmoja, Wahindi na Wapakistani katikati, Waarabu kwao. Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa na bustani za Wamarekani, na wafanyakazi wa Kiarabu waligoma 1953 na tena 1956, makazi yakiwa mojawapo ya madai yao. Ras al Hamra ulikuwa mdogo na mpole zaidi kuliko hiyo, na wafanyakazi wengi wa mikono wa Oman hawakulala hapo bali kwenye makambi ya jangwani. Lakini ulikuwa wa ukoo uleule. Nyumba ilikwenda na cheo, na cheo kikiisha mtu alirudisha ufunguo.

(Kampuni haikuwa ya kwanza kuipenda rasi ile. Wanaakiolojia waliochimba Ras al Hamra walikuta makaburi ya wavuvi wa miaka zaidi ya elfu tano iliyopita, waliozikwa na mapambo ya kombe, na wengine na mafuvu ya kasa. Wale walikaa hapo karne kwa karne bila mkataba wa miaka 75.)

Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alichukua nafasi ya baba yake, akawaita Waomani walioko nje warudi. Hapa ndipo historia ya Muscat inapozungumza Kiswahili. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliikimbia Unguja na Pemba, na Sultani Said hakuwafungulia mlango wote. Wengine walikaa Dubai, Kuwait, Cairo au Uingereza wakisubiri. Mlango ulipofunguliwa walirudi, na kuna waliokuja kutoka Mombasa, Bujumbura na Kongo bila kupitia Zanzibar kabisa. Walikuwa na kitu ambacho nchi ilikuwa na njaa nacho: vyeti vya shule na Kiingereza. Wizara mpya, polisi na kampuni ya mafuta ziliwachukua haraka. Mtu aliyekuwa karani au mwalimu mjini Unguja alijikuta ofisini Mina al Fahal, akiandika ripoti kwa Kiingereza na kuzungumza na mwenzake wa meza ya pili kwa Kiswahili. Wenzao waliokua Oman na Kiarabu chao hawakulifurahia jambo hilo daima, na mpaka leo suala la nani Mwomani zaidi huzuka kwa utani wenye ncha.

Serikali nayo ikaingia kwenye kampuni. Mwaka 1974 ilichukua hisa hadi kufikia asilimia 60, kiwango ambacho hakikuguswa kwa miongo kadhaa. Tangu hapo si rahisi kusema pale kampuni inapoishia na dola inapoanzia, maana mapato ya bomba moja ndiyo yaliyolipa shule, hospitali, barabara na mishahara ya waliokuwa wakizijenga. Mtu mwenye macho makali angeweza kusema kwamba Oman nzima ilikuwa inageuka mji wa kampuni, wenye mwajiri mmoja na chanzo kimoja cha fedha.

Ila kuna kitu kimoja ambacho Lynch haukuwahi kukitoa katika miaka yake mizuri, na Oman ilikitoa kwa wingi: kiwanja. Mwananchi aliomba kwa wizara, jina likaingia kwenye kura, na aliyepata aliandikiwa ardhi ya makazi, kwa kawaida mita za mraba 600. Mwanzoni walikuwa wanaume. Mwaka 2008 amri ya kifalme iliwapa wanawake haki hiyo sawasawa na wanaume. Hicho hakikuwa mkopo wa nyumba ya kazi. Mwenye hati aliweza kujenga, kupangisha, kuuza, kurithisha. Al Khuwair ulipimwa na kugawiwa namna hiyo, kwenye tambarare ya changarawe kati ya milima na bahari, huku wizara zikijengwa upande wa pwani wa barabara ya Sultan Qaboos. Makumbusho ya viumbe na mazingira yalifunguliwa kwenye jengo la wizara ya urithi Desemba 1985. Chuo cha ufundi kilikuwa kimeanza mwaka mmoja kabla.

Kwenye mchoro, mtaa ule ulikuwa wa familia: nyumba yenye ukuta, gari moja au mawili, msikiti wa kuufikia kwa miguu. Maghorofa yangekaa kwenye barabara kubwa tu. Sheria za manispaa kuhusu rangi na urefu zilishikwa kwa mkono wa chuma, na mpaka leo Muscat ni mji mkuu wa Ghuba usiokukodolea macho. Lakini ndani ya kuta hizo watu walianza kuhesabu. Aliyejenga nyumba ya vyumba saba na watoto wakaoa na kuondoka aligundua kwamba daktari wa meno atalipa vizuri kuliko mpangaji mwenye familia. Jirani akaweka chekechea. Wa tatu akagawa nyumba kwa mbao na kuweka wapangaji wanane. Barabara ya maduka ya Khuwair ikajaa mafundi cherehani, wauza simu, mikahawa ya Wahindi, Wayemeni na Waturuki, na jioni moshi wa mishkaki ukipanda kando ya njia, chakula ambacho Waomani wamekipokea na jina lake la kwetu. Kiswahili kinasikika hapo bila mtu kugeuka: wazee wakibishana habari za Ng'ambo na Mji Mkongwe kana kwamba waliondoka juzi, na vijana waliozaliwa Muscat wakijibu nusu kwa Kiarabu.

Wapangaji wa mipango miji wanayaita haya uvunjaji wa matumizi ya ardhi, na kisheria wana haki. Kwangu mimi ndiyo dalili kwamba mradi ulifaulu. Al Khuwair ulirekebishwa na waliokaa ndani yake kwa sababu walikuwa na hati mkononi, na serikali ililazimika kubishana nao mmoja mmoja badala ya kubadilisha kufuli. Linganisha na Lynch. Kampuni ilikuja kuwauzia wakazi nyumba zao katika miaka ya 1960, wakati mashine zilikuwa zimeshachukua kazi na vijana wameshahamia Detroit na Chicago. Walipewa hati za nyumba ambazo thamani yake ilikuwa imeshuka pamoja na makaa. Leo mji ule una watu wasiofika elfu moja.

Sisemi kwamba hati inatatua kila kitu. Haikuwazuia watu kujenga kwenye njia ya maji. Juni 2007 kimbunga Gonu kilipopiga, makorongo yaliyokuwa makavu kwa miaka yalikumbuka pa kupita, na barabara kuu, inayokatiza karibu kila mkondo utokao milimani kwenda baharini, ikageuka ukuta unaozuia maji upande mmoja na mto upande wa pili. Watu wapatao 50 walikufa Oman, hasara ikahesabiwa kwa mabilioni ya dola. Kilembe ilifurika kwa sababu kampuni ilitaka wafanyakazi wake karibu. Muscat ilifurika kwa sababu tambarare ya changarawe ilionekana bure na rahisi kupima. Maji hayakujali tofauti hiyo. Tena viwanja vinavyogawiwa vimesogea mbali. Kijana anayepewa leo huenda akapata chake nyuma ya milima, mahali ambapo lami na umeme bado havijafika, akakishika miaka kama akiba. Mpewa hapokonyeki, lakini pia halazimiki kuhamia jangwani.

Na wako wasioweza kupewa kiwanja kabisa. Nyumba za Al Khuwair zilizogawiwa kwa mbao zimejaa wanaume kutoka Kerala, Bangladesh na Pakistani, ambao manispaa haiwapendi kuishi mitaa ya familia, na wenye nyumba wanawapenda sana. Wengine wanalala kwenye mabweni ya mwajiri. Kwao utaratibu wa udhamini uliifanya kazi, viza na kitanda kuwa kitu kimoja. Tangu Januari 2021 mfanyakazi wa kigeni aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya mwajiri wa awali, na hilo ni badiliko la kweli. Mchimbaji wa Matewan angelielewa mara moja.

Asingeshangaa vilevile kusikia habari za chumba kidogo kilicho nyuma ya jikoni. Wanawake wengi kutoka Tanzania, Uganda na Kenya wamekuja Muscat kufanya kazi za ndani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu, na mengi yaliyomo yalikuwa mambo ambayo Tanga na Unguja yalikuwa yakisimuliwa zamani: pasipoti kushikwa, mshahara kucheleweshwa, saa za kazi zisizo na mwisho. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 iliwaacha nje, wakawekewa kanuni zao za pembeni. Si kila nyumba ni hivyo, na kuna mabibi wa Kizanzibari Muscat wanaomwita mfanyakazi mwanangu na kumaanisha. Lakini angalia umbile lenyewe. Anayempa kazi ndiye anayempa kitanda, ndiye anayemnunulia chakula, ndiye mwenye funguo za mlango. Ule ni mji wa kampuni wenye mkazi mmoja. Ubaya wake, kama kule Appalachia, hauonekani siku njema, unaonekana siku mtu anapotaka kuondoka.

Sasa Al Khuwair unachorwa upya. Mwaka 2024 wizara ya nyumba na mipango miji ilionyesha mpango wa kuufanya mtaa wa wizara kuwa kitovu cha jiji na ufukwe wake, uliochorwa na ofisi ya Zaha Hadid Architects. Unahusu mita za mraba milioni 3.3, watu 64,500 wanatarajiwa kukaa humo, na baadhi ya majengo ya zamani ya wizara yatabadilishiwa kazi badala ya kubomolewa, jambo ninalolipongeza. Karibu yake umesimamishwa mlingoti wa bendera wenye urefu wa mita 126. Mkataba wa kampuni ya mafuta, ulioongezwa 2004, unafika 2044, na mpango huu umeandikwa na watu wanaojua kwamba bomba halitalipa kila kitu milele.

Picha zilizotolewa ni nzuri: vivuli, watu wakitembea kwa miguu, bahari. Nimezitazama kwa hamu ya mtu aliyewahi kuvuka barabara ya Sultan Qaboos mchana wa Julai. Ila picha za namna hii hazina nafasi ya kuonyesha mambo mawili ambayo yataamua mtaa utakuwaje baada ya miaka 30: viwanja vitakatwa kwa ukubwa gani, na kwenye hati litaandikwa jina la nani. Msanifu hana mamlaka juu ya hayo, hata awe na tuzo kiasi gani. Kama ardhi itashikwa na kampuni tatu au nne za kuendeleza majengo, kila badiliko litahitaji mkutano wa bodi. Kama itagawanyika kwa wengi, manispaa ijiandae kwa madaktari wa meno, chekechea na moshi wa mishkaki. Na wale watakaofagia njia hizo za miguu, kupika na kulea watoto wa hao 64,500 nao watahitaji vitanda. Ni swali linaloweza kujibiwa sasa, kwa penseli, kabla zege halijamwagwa.